Breki ya Pili

Jumapili, Machi 8

Mwalimu wangu wa kuruka na parachuti ameniambia ninunue daftari. Kila siku ya mazoezi niandike nilichofanya, nilichokosea na hali ya hewa. Msimu wa mvua ukiisha ataniwekea sahihi, au hataniwekea. Nimenunua hili lenye jalada gumu la kijani. Haya, naanza.

Jana niliruka mara ya nane, na ilikuwa mara ya kwanza bila mwalimu ubavuni. Nilitoka kwenye ndege futi elfu kumi na mbili. Nilitakiwa kuvuta kishikio na kufungua parachuti nikifika elfu tano na mia tano. Sikuvuta. Nilipofika elfu moja, kile kisanduku cha mgongoni, kinachopima kasi na kimo chenyewe, kikanifungulia parachuti la akiba. Nikatua shamba la jirani, mzima, na tope mpaka masikioni.

Sababu: nilianza kuzunguka kama pia, kichwa kikavurugika, nikakikosa kishikio.

Ndivyo nilivyomwambia mwalimu na ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu. Sheria ya klabu ni fupi. Kisanduku kikikufungulia mara moja, unasimamishwa mpaka mwalimu athibitishe kwamba umepona kosa lako. Kikikufungulia mara ya pili, hupandi ndege tena, kacheze karata. Mvua zimeshaanza na ndege haitaruka mpaka Mei, kwa hiyo miezi hii nitakuwa kwenye bomba la upepo nikifundishwa kutozunguka.

Mume wangu alikuwa pale uwanjani. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya ndoa, amelala bila kukoroma. Kila baya na jema lake.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Kazini wanafunzi watatu. Mmoja alitaka kukunja kona kulia akawasha wipa.

Jumamosi, Machi 14

Bomba la upepo ni chumba cha duara cha vioo, upana wake kama sebule yetu. Sakafu ni wavu wa chuma, na upepo unapanda kutoka chini yake kwa kilomita mia na tisini kwa saa. Mimi ni mwalimu wa udereva, kwa miaka kumi na sita nimeishi kwenye kilomita thelathini. Unasimama mlangoni, unavuka mikono kifuani, unajiachia kwa kifua kama mtu anayezimia, na upepo unakupokea. Unalala juu yake kwa tumbo. Zamu moja ni dakika mbili, na nje ya kioo kuna mzee anayeendesha mashine, tunamwita Bwana Upepo. Dakika zikiisha anawasha na kuzima taa.

Humo ndani hakuna kusemezana, kelele ni nyingi mno. Mwalimu anazungumza kwa mkono. Vidole viwili vikinyooka: nyoosha miguu. Vikikunjwa: kunja. Kiganja kikitikiswa: legea. Kidole kimoja kikielekea juu: inua kidevu. Hiyo ya mwisho anaitoa mara nyingi kuliko zote, mpaka klabu nzima inamwita Kidevu. Ni mwanamke mfupi wa miaka thelathini hivi, mwenye mabega ya mbeba magunia, ananiita dada.

Tumefanya zamu nne. Nilielea katikati ya chumba, sikwenda kushoto wala kulia. Tulipotoka akavua kofia akanitazama.

"Dada, mbona huzunguki?"

"Labda huku ndani tu."

"Labda," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la watazamaji, na mkoba wa bisibisi miguuni. Yeye ni fundi friji, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kazi nyingi. Nilimuuliza friji za watu zinajitengeneza? Akasema zimepoa.

Jumatano, Machi 18

Ukurasa huu nitauchana, kwa hiyo acha niseme kweli.

Sikuzunguka. Siku ile nilianguka vizuri kuliko siku zote saba za nyuma, nimetulia kama maji ya mtungini. Niliitazama saa ya kimo mkononi. Niliiona elfu saba, nikaiona elfu sita. Nikaiona elfu tano na mia tano kwa macho yangu haya mawili, na nikasubiri.

Nilikuwa nasubiri kidole.

Katika ile miruko saba ya kwanza Kidevu alikuwa mbele yangu hewani. Tukifika kwenye kimo chetu alininyoshea kidole, maana yake vuta, nami navuta. Mara saba. Mara ya nane nikaisoma namba na mwili ukakaa unangoja kidole cha mtu ambaye hakuwepo. Sijui niite nini hiyo. Haikuwa hofu. Nilikuwa na raha kabisa, na ardhi inakuja.

Sasa niambie, mwalimu wa udereva, anayeshinda kutwa akipiga kelele "breki, breki, breki," atakwendaje kuwaambia watu kwamba alisahau breki? Wangenicheka mpaka kaburini. Nikasema nilizunguka, kwa sababu kila mtu huzunguka, na kuzunguka si aibu.

Nilianza mambo haya ya kuruka kwa sababu moja: nilichoka kubeba roho za watu chini ya mguu wangu. Gari la shule lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Kwa miaka kumi na sita mguu wangu wa kulia haujapumzika. Nilitaka mahali pamoja ambapo roho ya kuangalia ni yangu peke yangu. Na nilipopewa, nikaiachia.

Jumamosi, Machi 21

Kidevu alisema hawezi kutibu ugonjwa asiouona. "Dada, kama huzunguki humu, itabidi nimwambie mwenye klabu kwamba sijui una tatizo gani. Na asiyejulikana tatizo lake haruki."

Basi nimezunguka. Zamu ya tatu niliteremsha goti la kushoto kidogo tu, upepo ukanishika, nikaenda mzunguko mmoja, miwili, wa tatu nikagonga kioo kwa bega. Kidevu akanidaka mshipi. Akafurahi sana, maskini. Tulipotoka alinionyesha kwenye video: "Unaliona goti? Hilo ndilo lililotaka kukuua!"

Nikaitikia kwa kichwa. Mume wangu naye aliitazama ile video, kutoka nyuma yetu, mikono mfukoni.

Jumatatu, Machi 23

Bega limevimba. Nimefundisha kurudi nyuma kwa mkono mmoja.

Jumamosi, Machi 28

Zamu sita, zote za goti. Kidevu amenifunga kitambaa chekundu gotini ili nilikumbuke. Ananipigia hesabu, ananionyesha picha, anajitolea dakika zake za mapumziko. Nikipunguza kuzunguka ananipongeza, na nikizidi kupona haraka naogopa atashangaa, kwa hiyo nazunguka tena kidogo. Kazi ya kuugua uongo ni ngumu kuliko kuugua kweli.

Mume wangu ananichosha. Ananipeleka, ananisubiri, ananirudisha. Saa sita mchana ananipigia simu kazini: umekula? Nimeolewa miaka kumi na tisa na mtu ambaye hakuwahi kukumbuka kama nimekula. Asubuhi nikifungua macho namkuta ananitazama. Nimemwambia mimi si mtoto wa chekechea. Akasema, "Najua."

Alhamisi, Aprili 2

Mvua ilikatika saa moja tu nikapanda juu ya paa kuanika nguo. Tunakaa ghorofa ya tano, na paa letu halina ukuta. Sijafika nusu ya kamba, mume wangu huyo, anahema, kapanda ngazi zote mbiombio na ndala moja. Akaninyang'anya beseni.

"Nitaanika mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Shuka, mke wangu. Tafadhali."

Kaanika shuka kwa pembe moja kama bendera ya kushindwa. Nimeshuka nikicheka. Jirani kaniambia nina bahati.

Jumamosi, Aprili 4

Bomba limefungwa, umeme. Mvua kutwa.

Alhamisi, Aprili 9

Nina mwanafunzi, mama mmoja mhasibu, mtu makini, hesabu zake hazikosi hata senti. Huu ni mwezi wake wa tatu. Barabara anaijua, gia anazijua, kioo anatazama. Leo tulikuwa tunakaribia makutano yale ya benki, taa imewaka nyekundu, lori limesimama mbele yetu. Naiona taa, naye anaiona, ameitaja kabisa: "Nyekundu." Na gari linakwenda. Nikangoja akanyage. Hakukanyaga. Nikakanyaga mimi, matairi yakalia, tukasimama karibu kuubusu mkia wa lori.

Nilifoka. Nilimuuliza kama ameiona taa au hakuiona.

"Niliiona," akasema, wala hakuwa na wasiwasi. "Nilidhani utakanyaga. Si huwa unakanyaga?"

Nilimwambia azime gari tupumzike. Aliyehitaji kupumzika ni mimi, na haikuwa kwa sababu ya lori.

Jumamosi, Aprili 11

Ni lazima niandike yote, ingawa mkono unauma.

Zamu tano leo, na ya mwisho nilizidisha. Niliteremsha goti, nikazunguka, nikagonga kioo kwa uso. Pua ikatoa damu, Bwana Upepo akazima feni. Kidevu akanikalisha kwenye benchi na barafu, akasema yeye kafundisha watu mia na zaidi, hajaona goti kaidi kama hili, pengine anikabidhi kwa mwalimu mwingine. Alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeshindwa kazi yake. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama.

Garini mume wangu hakuwasha injini. Mvua ilikuwa inapiga paa, vioo vimefanya ukungu. Funguo alikuwa nazo mkononi, anazigeuza.

"Mke wangu, nitakuuliza kitu kimoja. Ukitaka kunijibu unijibu, usipotaka basi, lakini usinidanganye."

"Uliza."

"Siku ile hukuzunguka."

Nikaisogeza barafu puani.

"Mwenye uwanja aliniazima darubini yake. Nilikufuata tangu ukiwa nukta. Ulikuwa umelala wima... sijui wanasemaje, umelala umenyooka, umetulia. Hukujirusha huku wala huku. Nikawa nasema, sasa anavuta. Sasa anavuta. Nikaanza kukuita jina. Mkono wako hukuusogeza hata kidogo." Akazifumbata funguo. "Na humu kwenye bomba, kila siku nakuona unalishusha lile goti mwenyewe. Mimi ni fundi, naona kitu kikiharibika na naona kitu kikiharibiwa. Kwa hiyo nakuuliza. Ulitaka kufa?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Lilinitoka tu, cheko kavu, nikiwa na barafu puani. Alipougeuza uso wake kunitazama ndipo nikaona. Yote niliyaona kwa mara moja: benchi la watazamaji, simu za saa sita, paa, beseni, na usiku wote huo ambao sikusikia mkoromo nikamshukuru Mungu. Mume wangu alikuwa halali. Kwa wiki tano alikuwa analala macho, ananilinda nisijiue, na mimi nalinda heshima yangu nisichekwe.

"Hapana," nikasema. "Hapana, baba. Hapana. Nilikuwa nasubiri kidole."

"Kidole?"

Nikamweleza. Kidole cha Kidevu, mara saba, mara ya nane hakuna kidole. Nilimweleza na taa ya benki, na yule mama mhasibu. Nililia, pua ikaanza tena kutoka damu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango, akatoka, akasimama kwenye mvua na mikono juu ya paa la gari, mabega yanamcheza. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua.

Aliporudi amelowa chapachapa.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano nimeficha visu vya jikoni nikakwambia nimepeleka kunolewa."

"Mimi nilidhani wewe ni mvivu wa kuvifuata."

"Mwambie mwalimu wako. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, tena mbele ya yule mzee wa feni."

"Hatanisamehe."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kimeshakuumbua mara moja, kikakurudisha."

Akawasha gari.

Jumapili, Aprili 12

Nimemwambia. Tulikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anakausha kofia. Nilisema yote kwa pumzi moja ili nisije nikageuka.

Kidevu akakichukua kile kitambaa chekundu, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni.

"Dada, mimi nina mtoto wa miaka minne," akasema. "Mwezi wa tano ningepanda na wewe ndege, nikakuangalia goti lako lote, kutoka juu mpaka chini, na nikakuona mzima, nikaenda zangu kufungua parachuti langu. Na wewe ungeendelea kusubiri. Unaelewa ulichotaka kunifanyia?"

Nikasema naelewa.

"Huelewi. Nenda nyumbani. Sijui kama nitakupigia simu."

Hasira yake ni ya haki. Nimetembea mpaka nyumbani, mvua yote imeniishia mwilini.

Jumatatu, Aprili 13

Hakuna simu. Nimeomba radhi kwa wanafunzi wawili ambao hawakuwa na habari ninaomba radhi ya nini.

Jumanne, Aprili 14

Hakuna simu.

Alhamisi, Aprili 16

Kapiga. "Jumamosi saa nne. Usichelewe. Na huyo mumeo mwambie akae nje, nisimwone." Kakata.

Jumamosi, Aprili 18

Amebadili kila kitu. Bwana Upepo ameweka skrini ya namba nje ya kioo, inaanza elfu kumi na mbili na kushuka kwa mwendo ule ule wa kuanguka kwa kweli. Kiunoni nimefungwa kishikio cha bandia. Kidevu anaelea mbele yangu. Kazi yangu: namba ikifika elfu tano na mia tano, nivute. Hakuna lingine. Mtoto mdogo angeweza.

Zamu ya kwanza nilivuta kwenye elfu nne. Ya pili, elfu tatu na mia nane. Ya tatu nilijiapiza, nikaitolea namba macho. Elfu sita. Elfu tano na mia tano. Na macho yangu yakaondoka yenyewe kwenye skrini, yakaenda kwenye mkono wake. Mkono wake ulikuwa umetulia. Nikavuta kwenye elfu tatu.

"Umekufa mara tatu," akasema tulipotoka. Hakutabasamu.

Mimi ni mtu wa kubishana, leo sikubishana. Nimeogopa kuliko nilivyoogopa ndani ya ndege. Nilidhani nikishasema kweli nitakuwa nimepona, kumbe kusema ni kusema tu.

Jumamosi, Aprili 25

Zamu nane. Nimevuta kwa wakati mara mbili. Hizo mbili ni zile alizonipa mgongo. Akinigeuzia uso tu, narudi kumsubiri.

"Tatizo ni sura yangu," akasema. "Nifanyeje, nije na kinyago?"

Tulicheka wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza tangu nilipomwambia.

Jumanne, Aprili 28

Yule mama mhasibu tena. Kiwanja cha mazoezi, kimelowa, nimepanga mapipa matupu mwishoni. Nilimwambia aendeshe kilomita ishirini moja kwa moja hadi kwenye mapipa, asimame kabla hajayafikia. Kisha nikavua viatu, nikapandisha miguu yote miwili juu ya kiti, nikakaa mkao wa kula.

Akaniona. "Mwalimu, miguu!"

"Miguu iko hapa."

"Sasa nani atakanyaga?"

"Sijui. Tutaona."

Akapiga kelele njia nzima. Tuliyagonga mapipa matatu, yakaruka na kulia kama sahani za harusi. Bampa limebonyea, mkuu wa shule atanitafuna. Mara ya pili akagonga moja. Mara ya tatu akakanyaga mapema mno, gari likazima hatua kumi kabla ya pipa, akalala juu ya usukani akihema.

"Nimesimama," akasema.

"Umesimama."

"Mimi mwenyewe!"

Nilipoishusha miguu nilikuta vidole vimejikunja kwa nguvu hadi ganzi. Nimemaliza miaka kumi na sita nikijisifu kwamba hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kugonga kitu. Leo najiuliza ni wangapi walitoka shuleni kwangu hawajui kusimamisha gari.

Jumamosi, Mei 2

Nilimsimulia Kidevu habari ya mapipa. Akafikiri, akasema, "Basi nami nitakaa mkao wa kula." Na kweli, zamu zote za leo ameelea mbele yangu amekunja miguu kama mtu anayesubiri chai, mikono kwapani, ananitazama usoni. Anajua kukaa juu ya upepo kama mimi ninavyokaa kwenye kochi.

Ni kitu kigumu sana kutazamwa na mtu anayejua jibu na hasemi. Kumi na moja kati ya kumi na mbili. Hiyo moja nilivuta kwenye elfu nne na mia tisa.

Mume wangu ameruhusiwa kuingia ndani. Amekaa karibu na Bwana Upepo, wanazungumza habari za mota. Lakini bado halali, nimemsikia akijigeuza. Nimemwambia nimeshakueleza kweli, unaogopa nini tena? Akasema, "Kweli naijua. Nangoja kuiona."

Jumamosi, Mei 9

Kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Kidevu ameniambia tu mawingu yanaanza kupanda.

Alhamisi, Mei 14

Jua! Nguo zimekauka kwa saa mbili. Nimeanika mimi, juu ya paa, peke yangu. Mume wangu alisimama chini ya ngazi akijidai anatengeneza ndala.

Jumamosi, Mei 16

Kidevu ameweka sahihi humu daftarini saa tatu asubuhi, kaliweka juu ya boneti la gari. Kabla ya sahihi aliandika mstari mmoja: "Anaweza kusubiri tena. Nimemruhusu nikijua hivyo." Nilimuuliza kwa nini ameandika vile. Akasema kwa sababu ni kweli, na kwamba kati yetu sasa ni kweli tu.

Mume wangu alikuwa amesimama kando na ile darubini shingoni. Nilimsogelea nimevaa mzigo wangu wote. Alinikaza mikanda ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Elfu tano na mia tano," akasema.

"Elfu tano na mia tano."

Akaivua darubini, akaitundika kwenye mlango wa gari. "Sitatazama," akasema. "Nikitazama nitakuvutia kishikio kutoka huku chini. Nitasikiliza."

Ndani ya ndege nilikuwa na kiu ya ajabu. Mlango ulipofunguliwa baridi ikaingia, mashamba yamejaa maji chini, yanang'aa. Kidevu akanyosha mkono: tangulia. Nikaruka.

Mwili ulijua kazi yake. Nikatulia kwa tumbo, hakuna kuzunguka, hakukuwahi kuwa na kuzunguka. Kidevu akateremka mbele yangu, akakunja miguu, akatia mikono kwapani. Elfu kumi. Elfu tisa. Hapa hakuna vioo, hakuna Bwana Upepo wa kuzima feni. Elfu saba. Elfu sita, na ikaja ile raha, ile ile ya mwezi wa tatu, raha ya mtu aliyekaa kiti cha abiria. Nikaitambua. Macho yangu yakatoka kwenye saa yakaenda kwake, naye ananitazama tu, uso hauna kitu, na nikaona anaogopa. Mikono yake haikutoka kwapani. Nilifikiri: huyu ana mtoto wa miaka minne, na amepandisha miguu juu ya kiti kwa ajili yangu.

Nikarudisha macho kwenye saa. Elfu tano na mia sita. Nikapeleka mkono nyuma, nikakishika, nikavuta.

Mshindo, kisha kimya. Parachuti kubwa juu ya kichwa changu, pembe zote nne, limejaa. Saa inasema elfu tano na mia mbili. Nililia kwa sauti, huko juu hakuna mtu wa kunisikia, halafu nikaanza kuimba, na siimbi vizuri.

Kidevu alifungua chini yangu na kutua kabla yangu. Nilipofika alikuwa ameshakunja vitu vyake. Alinyosha kidole kimoja juu: kidevu. Kisha akanikumbatia mpaka bega langu bovu likalia.

"Mume wangu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Alikuwa kwenye gari amefumba macho. Nilipotua akaniuliza swali moja tu: limefungukia juu? Nikamwambia juu, tena juu kabisa. Akasema alikuwa anahesabu sekunde, akasikia 'pa' alipofika thelathini na nane, lakini hakuamini hesabu yake. Akarudi kwenye gari."

Nililikusanya parachuti mikononi, nikavuka uwanja. Nyasi zilikuwa zimelowa na buti zikazama. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyapanga njia nzima.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kiti amekilaza, mdomo wazi, darubini bado inaning'inia mlangoni, na anakoroma mpaka kioo kinatetemeka, mkoromo wa wiki kumi kwa mara moja.

Nikaweka parachuti juu ya boneti, nikakaa pembeni yake kwenye jua, nikamwacha alale.